Tarehe Ndani ya Mfuniko

Fundi Baudouin aliushusha mlango wa mabati hadi chini, akapitisha komeo, na kioski kizima kikawa giza. Nje ilikuwa saa sita mchana, jua la kupasua kichwa. Ndani ilibaki taa moja ya betri juu ya meza ya kazi, na watu watatu wakigawana hewa isiyomtosha hata mmoja.

Hawakujifungia kwa hiari. Vijana wa mji walikuwa wametangaza ville morte: siku nzima Bunia haifungui duka, pikipiki haibebi mtu, soko halina muuzaji, na anayejifanya hakusikia anakumbushwa kwa mawe. Ukitaka kufanya kazi siku kama hiyo, unaifanya mlango ukiwa umefungwa, na mdomo pia.

Adeline alikuwa na kazi isiyongoja kesho. Alikuwa OPJ, yaani afisa wa polisi mwenye mamlaka ya kupeleleza na kuandika mashtaka, na mjini walimjua kama mwanamke anayeuliza swali moja mara tatu bila kuona haya. Katika mkoba wake mlikuwa na bahasha, ndani ya bahasha saa ya mkono, na saa hiyo ilikuwa imebeba maisha ya kijana mmoja.

Kijana mwenyewe, Willy, alikuwa dereva wa pikipiki aliyepanga chumba cha uani kwa mzee Laurent, mtaa wa Bigo. Jumapili asubuhi mzee Laurent alikutwa nyuma ya nyumba yake, kichwa kimepasuliwa kwa tofali, mkono wa kushoto mtupu. Saa yake haikuwepo. Na Bigo nzima iliijua saa hiyo: baba yake, Alphonse, alizawadiwa na kampuni ya dhahabu aliyoitumikia miaka ishirini, na mzee hakuivua hata siku ya kufyatua matofali. Jumanne mkwe wa marehemu, akiwa na mkuu wa mtaa na majirani, alipekua chumba cha Willy akaikuta ndani ya soksi. Willy aliapa kwamba hajawahi kuigusa. Nani angemsikiliza?

Kamanda Rémy alimsikiliza nusu nusu. Alimwambia Adeline kwamba gari la parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, litakuja saa tisa kuchukua mahabusu, ville morte au hapana, na Willy atapanda. Akishaingia gereza kuu, faili lake litalala chini ya mafaili mengine mpaka aote mvi.

"Kama uko na kitu, leta karatasi ya fundi mbele ya saa tisa," alimwambia. "Kama ile saa ni ya muzee kweli, kijana anaenda gereza. Kama haiko yake, tutaanza upya."

Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kuyasema. Saa ikiwa halisi, Willy ni mwizi, na mwizi ndiye muuaji. Ikiwa ya bandia, basi kuna mtu aliyeiandaa imwangushe Willy, na huyo ndiye aliyebaki na ile ya kweli.

Mtu wa tatu ndani ya kioski alikuwa mkwe huyohuyo, Didier. Alivuta kiti cha plastiki akakaa, mgongo umeegemea mlango, koti lake limefungwa vifungo vyote ingawa jasho lilimtiririka shingoni. Alifika Bunia kutoka Butembo mwaka 2010 na mzigo mmoja wa nguo za kuuza, akamwoa Claire, binti wa pekee wa mzee Laurent, na sasa samaki wakavu wa Mahagi-Port walipita mikononi mwake kwa malori. Hata kioski hiki kilikuwa chake. Baudouin alikuwa mpangaji. Alidai kuhudhuria kwa sababu familia ina haki ya kuona mali yake inavyofunguliwa. Adeline alipinga kwa Kamanda, akaambulia patupu. Mwenye malori husikilizwa hata kabla hajasema.

"Anza, muzee," Didier alisema. "Tuko na maiti ya kuzika."

Baudouin alikuwa na miaka sabini na vidole vyembamba kama vya msichana. Alikuwa ndiye fundi pekee aliyeitibu saa ya mzee Laurent kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuna mwingine mjini ambaye neno lake lingekuwa na uzito mbele ya parquet, na Adeline alilijua hilo. Kilichomkera ni kwamba tangu waingie, fundi hakuwa amemtazama usoni hata mara moja.

Adeline alianza kwa kumwomba daftari la matengenezo, lile ambalo kila fundi huandika saa zilizopita mezani kwake.

"Madaftari ya zamani haiko," Baudouin alijibu. "Yote iliunguaka na kioski yangu ya kwanza."

"Tuendelee na saa," Didier akadakia.

Adeline aliitazama saa kwanza kwa nje. Nyuma ya saa palichorwa maneno ya Kifaransa: ALPHONSE, 20 ANS DE SERVICE, 1959. Alipitisha ukucha juu ya herufi. Zilikwaruza, kali kama kisu kipya. Saa iliyovaliwa kila siku miaka zaidi ya sitini huliwa na jasho, mgongo wake ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Aliuliza kwa nini herufi hizi hazijachakaa.

"Baba mukwe alizifanyisha upya," Didier alisema. "Zilikuwa zinapotea."

Adeline alimwambia kwamba swali ni la fundi. Akangoja. Baudouin aliigeuza saa chini ya taa, akaigeuza tena.

"Nilizikata upya," alisema. "Miye mwenyewe."

Sawa. Adeline aliandika. Kisha akamwomba fundi amweleze jinsi mtu anavyojua umri wa saa, na hapo mzee akalegea kidogo, kwa sababu hakuna fundi asiyependa kuulizwa kazi yake. Alieleza kwamba saa za miaka ile ya hamsini zilipakwa namba kwa rangi yenye sumu iliyojiwakia gizani yenyewe, bila kuombwa. Rangi hiyo ilijichoma kwa nguvu zake. Leo imekufa, hata ukiimulika haiamki. Zilizokuja baadaye, katikati ya miaka ya sitini, zilipewa rangi nyingine iliyo pole, na viwanda vikaweka herufi T ndogo chini kabisa ya uso wa saa kuitangaza.

Adeline alitoa mkobani tochi yenye mwanga wa zambarau, ile ambayo wabadilishaji fedha hukagulia dola. Aliiazima asubuhi kwa dada yake Sandrine, mwenye meza ya kubadilisha fedha karibu na soko, ambaye leo hakuwa na kazi nayo. Akazima taa ya betri, akaimulika saa.

Namba zote kumi na mbili ziliwaka kijani. Alipoiondoa tochi, ziliendelea kung'aa kidogo gizani kabla ya kuzimika. Akawasha taa tena na kuinamia uso wa saa. Chini kabisa, pande mbili za neno SWISS, palikuwa na T mbili ndogo kama mayai ya chawa.

Adeline alijizuia kutabasamu. "Muzee, mwaka yenye imeandikwa nyuma, cinquante-neuf, hii T ilikuwa?"

"Hapana. Haikuwa."

"Njo nini basi?"

Kiti cha plastiki kililia mlangoni. Didier alikuwa amekunja mguu juu ya mguu.

"Uso ya saa ilibadilishwaka," Baudouin alisema polepole. "Ya kwanza iliingiaka maji. Nilitafuta ingine ya marque ileile, ya miaka yenye ilifuata. Mishale pia. Na kioo."

Furaha ya Adeline ilikatika kama uzi. Saa kuukuu ina udhuru kwa kila kosa: kioo kimebadilishwa, uso umebadilishwa, mishale imebadilishwa, herufi zimechorwa upya. Kila mlango aliousukuma ulifunguka kidogo, kisha mkono uleule wa fundi ukaufunga. Na saa yake mwenyewe, ya plastiki, ya sokoni, ilimwambia ni saa saba na nusu.

Alijaribu simu. Mtandao ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Bastola yake ilibaki kwenye droo ya Kamanda, kwa amri, vijana wasije wakamvamia na kuipora. Alihisi joto la mabati likimkaa mabegani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kwamba angetoka humu na karatasi ya kumfunga Willy, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo jiwe lilipopiga ukuta.

Mlio ulijaa kioski kizima. Baudouin alizima taa kufumba na kufumbua. Nje palikuwa na hatua nyingi, zikasimama.

"Nani iko ndani?" sauti ya kijana iliuliza. "Tuliona mwangaza."

Jiwe la pili lilipiga mlango, palepale mgongoni kwa Didier, lakini hakutikisika. Gizani, Adeline alisikia watu wawili wakipumua, mmoja kwa haraka na mwingine kwa raha zake. Kisha yule mwenye raha akasema, kwa sauti ya chini iliyojaa upole:

"Muzee, Espérance anakusalimia. Jana nilisema naye ku simu. Analala muzuri mu ile nyumba yangu ya Mahagi-Port. Siku hizi nasikia ku ziwa batu wanazama ovyo, lakini yeye iko muzuri."

Pumzi ya haraka ilikoma kabisa. Adeline alihesabu mpaka sita kabla haijaanza tena.

Alimjua Espérance kwa jina tu: binti wa Baudouin, mjane, aliyehamia ziwani kuuza samaki. Hakujua kwamba analala chini ya paa la Didier. Sasa alijua, na alijua pia kwa nini fundi hamtazami mtu usoni. Lakini kujua si ushahidi. Salamu za upole haziandikwi kwenye PV, ile hati ya upelelezi, na parquet haisomi pumzi za watu gizani.

Vijana walicheka nje, wakapiga teke moja la kuaga, wakaondoka. Taa ikawashwa. Uso wa Baudouin ulikuwa umelowa kama aliyenawa.

"Fungua nyuma," Adeline alimwambia.

Fundi alichukua kisu kifupi cha kufungulia, akakichomeka ukingoni, na mfuniko ukabanduka kwa mlio mdogo. Mashine ilikuwa hai, gurudumu lake likienda na kurudi. Didier aliinuka, akaja kutazama juu ya bega la Adeline. Akaangalia mashine, akaangalia ndani ya mfuniko, akakunja uso kama mtu aliyeacha miwani nyumbani, akarudi kuketi. Kwa macho matupu mle ndani palikuwa na mikwaruzo tu.

Hapo Baudouin alifanya jambo ambalo Adeline hakuwa amemwomba. Alivua lenzi aliyoibana jichoni, akaifuta kwa shati, akamwekea kiganjani.

"Kila fundi iko na alama yake," alisema. "Miye, kila mara nafungua saa ya mutu, naandika B na siku, ndani ya mufuniko, na sindano. Saa ya Muzee Laurent niliifungua mara tano. Andika zote tano, Madame OPJ. Usiruke hata moja."

Tangu waingie hakuwa amesema neno bila kuulizwa. Adeline aliibana lenzi, akausogeza mfuniko kwenye taa. Mikwaruzo ikageuka maandishi membamba kama nywele, mstari chini ya mstari. Alizisoma kwa sauti huku akiandika, kama utaratibu unavyotaka.

"B, 3-2-88. B, 17-9-94." Akasogeza. "B, 12-5-03."

Kalamu ikasimama.

Mei ya mwaka 2003 haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekuwa Bunia. Mji ulipiganiwa mtaa kwa mtaa. Walioweza walikuwa barabarani kwenda Komanda na Beni. Wasioweza walijibanza karibu na uwanja wa ndege, familia kwa familia, chini ya maturubai. Adeline alikuwa na miaka kumi na miwili. Tarehe kumi na mbili alikuwa akitembea msituni, sufuria kichwani na mdogo wake Sandrine mgongoni, miguu imevimba, na walipofika Beni mama mmoja asiyewajua hata kwa sura aliwafungulia mlango na kuwapa uji. Alirudi baada ya miezi mingi. Safu yote ya vioski vya barabara hii ilikuwa majivu. Kumbe cha Baudouin kilikuwa kimojawapo, na ndimo yalimoungulia yale madaftari.

Siku ile hakuna mtu aliyetengenezewa saa Bunia. Baudouin alilijua hilo kuliko wote, na hakuwa mtu wa kukosea tarehe.

Kwa hiyo hakukosea. Aliiandika makusudi, mahali ambapo ni mwenye lenzi tu angeisoma, na aliichagua tarehe ambayo mtu wa hapa hawezi kuipita bila kusimama, na mtu aliyefika mwaka 2010 ataimeza kama maji. Mfuniko huu haukuwa wa mzee Laurent. Ulikuwa barua, na umeandikiwa yeyote ambaye angeufungua.

Adeline alijikaza. Kuna furaha inayouma kuliko huzuni, kwa sababu huwezi kuionyesha. Mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wa Didier. Akishtuka tu, Baudouin hatoki humu na neno, na kule ziwani Espérance huenda asiamke kesho.

"B, 8-1-12," aliendelea kusoma, sauti ileile. "B, 20-6-19. Tano. Muzee, ni zako?"

"Ni mukono yangu."

"Na saa hii ni ya Muzee Laurent?"

"Njo nimesema."

"Bon," Adeline alisema, akamgeukia Didier. "Mimi naona tumemaliza. Ni ya muzee."

Mabega ya Baudouin yalishuka. Alikiinamisha kichwa juu ya meza kama aliyepigwa, na Adeline alitamani kumgusa mkono, asiweze. Didier alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu aliyeuziwa kwa bei aliyoitaka.

"Lakini familia inafaa kutambua alama, moja moja," Adeline alimwambia. "Parquet inapenda vile. Asiulize mutu kesho kama fundi alijitungia. Zile tarehe, muzee marehemu alikuwa anazisemaka ku nyumba?"

Angesema tu kwamba hajui, angekuwa salama. Lakini mwongo anayeona mwisho wa kazi yake hukosa subira, akaongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuiva. Didier alisema ndiyo, baba mkwe alizitaja mara nyingi, alizipenda. Adeline alizipitia. Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo.

"Na ya tatu, douze mai deux mille trois?"

"Ndiyo, ile alinielezaka sana. Alikuja asubuyi. Akakaa hapa, akangoja muzee amalize, akarudi Bigo na miguu."

"Hapa hapa, mu hii kioski?"

"Hapa hapa."

Adeline aliandika kila neno, akasoma kwa sauti, akampa karatasi tatu. Didier alizitia saini zote tatu bila kuvuta pumzi, akaongeza na jina lake kamili kwa herufi kubwa. Baudouin alitia yake baada yake. Alipomrudishia Adeline kalamu, kwa mara ya kwanza macho yao yalikutana, na hayakuwa macho ya mtu aliyekata tamaa.

Adeline alimweleza Didier kwamba fundi lazima aape mbele ya Kamanda, bila hivyo karatasi ni ya kufungia karanga. Didier alikubali mara moja. Alitaka kumwona Willy akipanda gari, alisema, ili amwambie Claire kwa macho yake. Baudouin akainua mlango, na mwanga ukawapiga machoni wote watatu. Walitembea katikati ya barabara tupu, pasipo pikipiki wala mbuzi, matairi yaliyoungua yakinuka kwenye mzunguko. Adeline aliwatanguliza wote wawili, hakutaka mgongo wake uwe mbele ya mtu yule. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko njia ya Beni.

Gari la parquet lilikuwa limeshafika, injini inaunguruma. Espoir, polisi wa zamu, alikuwa amekwisha kumtoa Willy kasho, chumba cha mahabusu, akamfunga mkono kwa mkono na mahabusu mwingine. Kijana alikuwa peku, jicho moja limevimba. Alipomwona Adeline akiingia na Didier mwenye tabasamu, aliinamisha kichwa.

Kamanda Rémy aliichukua PV bila hamu. Alikuwa mtu mnene, mzaliwa wa hapahapa, aliyesoma akichezesha midomo. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukafika katikati, na midomo ikasimama. Adeline alijua amefika wapi.

Kamanda alirudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza.

"Bwana Didier, hii signature ni yako?"

"Ni yangu, Commandant."

"Na marehemu, na mudomo yake, alikueleza kama douze mai alikuja asubuyi ku kioski ya Muzee Baudouin, akangoja saa yake?"

"Ndiyo."

"Ile siku," Kamanda alisema, "nilizika baba yangu nyuma ya jiko. Nilichimba na sahani, juu jembe ilikuwa kwa jirani na hakukuwa mutu wa kuvuka njia." Hakupandisha sauti. "Baudouin, weye ulikuwa wapi?"

"Mu njia ya Beni, Commandant. Kioski ilikuwa imesha kuwa majivu."

Didier aliwatazama mmoja mmoja, kwanza kama mtu asiyeelewa lugha, kisha kama aliyeielewa. Akasema amekosea, tarehe ni nyingi, mzee pengine alimtajia nyingine. Adeline alimkumbusha kwamba amesaini mara tatu. Kama hakusikia kwa mzee Laurent, basi alikuwa anatetea saa ambayo mzee Laurent hajawahi kuivaa. Na ni yeye aliyeitoa ndani ya soksi mbele ya majirani.

"Espoir," Kamanda alisema, "fungua Willy. Na mulango ya kasho uache wazi."

Baudouin hakusema lolote mpaka alipopata alichokitaka, na alichokitaka ni binti yake. Kamanda mwenyewe aliketi kwenye phonie, redio ya kituo, akaita kituo cha Mahagi-Port, akaagiza polisi wawili wakamtoe Espérance katika nyumba ile sasa hivi, na vitu vyake. Ilichukua dakika ishirini kabla sauti ya mwanamke haijasikika kati ya mikwaruzo ya redio, ikiuliza kuna nini. Mzee alifunika uso kwa viganja, akalia wazi mbele ya wote.

Kisha akasema. Jumapili jioni, maiti ikiwa bado haijaoshwa, Didier alimletea nyumbani saa ya mzee Laurent ndani ya leso, akataka pacha wake kabla ya Jumanne, alama za ndani zikiwemo, kwa sababu Claire alizijua ni tano. Alisema mtu wa ng'ambo ya ziwa alikuwa tayari kutoa kwa ile ya kweli bei ya viwanja viwili vya Bigo. Na alimtaja Espérance. Baudouin aliikusanya saa kutoka droo zake, usiku mbili, akanakili tarehe moja moja. Ya tatu, kwenye saa ya kweli, ilikuwa 12-5-99. Alibadilisha namba mbili tu.

Baada ya hapo palibaki utaratibu. Mtu haingii kasho na kitu kinachoweza kumdhuru au kumpotea, na Espoir alisoma orodha yake ya siku zote kwa sauti ya kuchoka: mkanda, kamba za viatu, simu, saa.

Didier alitoa mkanda. Akainama, akafungua viatu. Akaweka simu mezani. Kuhusu saa, alisema hana.

Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda kifuani, ukalalia koti upande wa kushoto, kama mtu anayelinda mfuko wake katikati ya soko. Espoir aliuondoa mkono ule taratibu, akafungua vifungo. Kwenye mfuko wa ndani mlikuwa na tiketi ya mtumbwi wa kuvuka ziwa kesho yake, na leso nyeupe.

Adeline aliifungua leso. Nyuma ya saa herufi zilikuwa zimelika, jina Alphonse likipapaswa zaidi ya kusomeka. Akafunga madirisha, akazima taa ya ofisi, akawasha tochi ya dada yake. Wote waliinama: Kamanda, Espoir, Baudouin, na Willy, aliyekuwa bado akisugua kifundo cha mkono pale pingu ilipomkaza.

Alishikilia mwanga ule muda mrefu. Namba zote kumi na mbili zilibaki nyeusi.